Kupima kemikali ya viwandani kwa bakteria: mwongozo kamili wa kipimo cha Ames

Mwaka 1977 Arlene Blum na Bruce Ames, waliokuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walitangaza kwamba kemikali iliyokuwa ikitiwa katika nguo za kulalia za watoto nchini Marekani ili zisishike moto upesi ilikuwa ikibadilisha jeni za bakteria. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa bidhaa za walaji ya nchi hiyo iliipiga marufuku katika nguo hizo. Kipimo kilichoifichua hakihitaji mashine za gharama kubwa, kwani msingi wake ni sahani za agari (utelezi mgumu wa kuoteshea bakteria), inkubeta ya nyuzi 37 za Selsiasi, na siku mbili au tatu za kusubiri. Kwa sababu hiyo hadi leo ndicho kipimo cha kwanza kufanywa pale kemikali mpya ya kiwandani inapotiliwa shaka kwamba ina sumu kwa jeni, na utaratibu wake umewekwa katika Mwongozo Namba 471 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, toleo la mwaka 1997 lililosahihishwa mwaka 2020.

Wepesi huo una hatari yake. Bakteria waliopoteza sifa zao, vimeng'enya vilivyokufa kwa kuyeyushwa na kugandishwa tena, au sampuli iliyoharibika ndani ya kiyeyushi, vyote hutoa jibu lilelile zuri machoni pa mwenye kiwanda, yaani kwamba kemikali haina neno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa ni ya kuthibitisha kwamba kipimo chako, siku ile ulipokifanya, kilikuwa na uwezo wa kukamata kemikali mbaya kama ingekuwepo.

Kanuni ya kipimo

Bakteria wa Salmonella typhimurium wa kawaida hujitengenezea histidini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino. Wale wanaotumika hapa wana hitilafu katika jeni ya kuitengeneza, hivyo hawawezi kuendelea kuzaliana pasipo kupewa. Ukiwaweka takriban milioni 100 juu ya agari yenye chembe tu ya histidini, watagawanyika mara chache, kisha wataishiwa na kusimama. Kemikali ikiweza kuigusa jeni ile na kuirekebisha kwa bahati, bakteria huyo hupata tena uwezo wake, huendelea kuzaliana na kuonekana kama koloni, yaani doa la bakteria linaloonekana kwa macho. Unachohesabu ni hayo makoloni. Chembe ile ya histidini haikuwekwa kwa huruma: badiliko la jeni hujikita pale DNA inaponakiliwa, na bakteria asiyegawanyika hata mara moja hana cha kukuonyesha.

Aina tano za bakteria hutakiwa, kwa kuwa hakuna aina moja inayokamata kila namna ya uharibifu. TA1535 na TA100 hukamata kemikali zinazobadilisha herufi moja ya DNA kwa nyingine, ilhali TA1537 na TA98 hukamata zile zinazoongeza au kupunguza herufi na hivyo kuvuruga usomaji wa jeni nzima. Mahali penye hitilafu katika aina hizi nne ni pa jozi za herufi G na C za DNA, na ndiyo maana huweza kupitwa na kemikali zinazooksidisha au zinazozifunga pamoja nyuzi mbili za DNA. Aina ya tano, ambayo ni TA102 au Escherichia coli WP2, ina jozi ya A na T mahali hapo, nayo huziba pengo hilo. Maabara zinazoiacha kwa kubana matumizi huwa zimefanya uchunguzi wa awali tu, na taarifa yao haitapokelewa kama kipimo kamili.

Sampuli, karatasi na usalama

Kabla ya yote, fahamu kilichomo ndani ya chupa. Omba cheti cha uchambuzi kinachoonyesha usafi wa kemikali, namba ya fungu la uzalishaji, tarehe ya mwisho ya matumizi na masharti ya kuihifadhi. Usafi si jambo la urasimu. Mwaka 1980 ilibainika kwamba unga wa wino wa baadhi ya mashine za kunakili karatasi ulikuwa ukibadilisha jeni za bakteria, na kisa chake hakikuwa kaboni yenyewe bali nitropirini zilizokuwamo kwa kiasi kidogo sana. Mchakato wa kutengeneza kaboni hiyo uliporekebishwa, tatizo lilipungua mno. Pima basi bidhaa ileile inayouzwa, na ukipata jibu baya, uliza kwanza juu ya takataka zilizomo kabla ya kuihukumu molekuli.

Ikiwa matokeo yatatumika kusajili kemikali katika nchi nyingine, kazi yote sharti ifuate Kanuni za Utendaji Bora wa Maabara za OECD: msimamizi mmoja wa utafiti, itifaki iliyotiwa saini kabla ya kuanza, na kumbukumbu ghafi zinazotunzwa. Barani Afrika, Afrika Kusini imo katika mfumo wa nchi zinazokubaliana kupokea data za namna hiyo bila kurudia majaribio. Kwa Tanzania, kemikali zenyewe husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 kupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, hivyo uingizaji wa sampuli utakupitisha huko.

Salmonella, hata hawa waliodhoofishwa, hushughulikiwa katika maabara ya usalama wa kibaiolojia wa daraja la pili, ndani ya kabati lake. Vaa glavu za nitrili na uzibadilishe mara tu zinapodondokewa, kwa sababu DMSO, kiyeyushi utakachokitumia mara nyingi, hupenya ngozi na kuingia pamoja na kile ilichokiyeyusha.

Kuwahakiki bakteria

Bakteria hutunzwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri, wakiwa wamegawanywa katika vichupa vingi vidogo. Kila jaribio huanza na kichupa kutoka akiba hiyo. Usijenge mazoea ya kuwahamisha kutoka sahani hadi sahani wiki baada ya wiki, maana plasmidi, yaani vipande vidogo vya ziada vya DNA, hupotea na waliojirekebisha wenyewe huongezeka kimyakimya.

Kila fungu jipya la akiba lipitishwe katika mitihani ifuatayo. Kwanza, wasiote bila histidini. Wanahitaji pia biotini, ambayo ni vitamini, isipokuwa TA102, kwa sababu jeni ya biotini iliondolewa pamoja na jeni ya uvrB ya kukarabati DNA. Pili, weka katikati ya sahani kijiduara cha karatasi kilicholoweshwa kristali vayoleti: panapaswa kutokea duara safi lisilo na bakteria, ishara kwamba ukuta wa seli bado una kasoro iitwayo rfa inayoruhusu molekuli kubwa kupenya. Tatu, TA98, TA100 na TA102 waote juu ya ampisilini, kwa kuwa plasmidi pKM101 iliyomo ndani yao hubeba ukinzani huo, na TA102 aote juu ya tetrasiklini pia. TA1535 na TA1537 wafe penye ampisilini. Nne, funika nusu ya sahani kwa karatasi ya alumini na uimulike nusu nyingine kwa mwanga wa urujuanimno: wasio na uvrB hutoweka upande uliomulikwa.

Mtihani wa tano ndio ninaoupa uzito kuliko yote, nao ni idadi ya makoloni yanayojitokeza yenyewe bila kemikali. Kwa kawaida TA98 huwa na 20 hadi 50 kwa sahani, TA100 huwa na 75 hadi 200, TA1535 na TA1537 huwa na 5 hadi 20, na TA102 huwa na 100 hadi 300. Kila maabara ijenge kumbukumbu zake yenyewe. Namba ndogo kama za TA1535 hupanda na kushuka kwa asili yake, kwa hiyo daftari linaloonyesha makoloni 12 kila juma bila kuyumba lichunguzwe. Aidha mtu anakadiria, aidha mashine ya kuhesabia haikurekebishwa.

Vimeng'enya vya ini, yaani S9

Kemikali nyingi hazina madhara kwa DNA mpaka ini lizibadilishe, na bakteria hana ini. Ndiyo sababu kila dozi hupimwa mara mbili, bila S9 na pamoja na S9. S9 ni maji ya juu yanayobaki baada ya ini la panya lililosagwa kuzungushwa katika sentrifuji kwa nguvu ya 9000 g. Panya hao huwa wamepewa kwanza dawa ya kuongeza vimeng'enya. Zamani ilikuwa Aroclor 1254, mchanganyiko wa kemikali za PCB ambazo sasa zimebanwa na Mkataba wa Stockholm, na siku hizi maabara nyingi hutumia fenobabitali pamoja na beta-naftoflavoni.

S9 peke yake haifanyi kazi. Tengeneza mchanganyiko wenye asilimia 10 ya S9 (mwongozo huruhusu 5 hadi 30), NADP milimola 4 kwa lita, glukosi-6-fosfeti milimola 5, kloridi ya magnesi milimola 8, kloridi ya potasi milimola 33 na bafa ya fosfeti ya pH 7.4 (kimiminika kinachodumisha kiwango cha asidi). Utengeneze siku ileile, uuweke juu ya barafu tangu mwanzo hadi mwisho, na mabaki ya S9 iliyoyeyuka yatupwe badala ya kugandishwa upya. Tahadhari moja zaidi: 2-aminoanthrasini, inayotumiwa sana kuthibitisha kwamba S9 iko hai, isiwe ushahidi wa pekee, na kila fungu lipimwe pia kwa kemikali inayohitaji vimeng'enya mahususi, kama benzo(a)pirini.

Kiyeyushi na dozi

Anza na maji. Yakishindikana, tumia DMSO. Hata hivyo fikiria kemia kabla ya kuyeyusha. Kloridi za asidi za kikaboni (kwa Kiingereza acyl chlorides) huchachamaa vikali zikikutana na DMSO. Mfano unaofundisha zaidi ni wa toluini diisosayaneti, malighafi ya sponji za magodoro zinazotengenezwa pia Afrika Mashariki: ndani ya DMSO huvunjika kwa dakika chache tu na kuzaa diaminotoluini, ambayo yenyewe hutoa jibu chanya pamoja na S9. Anayepima bila kulijua hilo ataandika taarifa ndefu na nadhifu kuhusu kemikali ambayo haikuwamo tena ndani ya chupa. Kwa kemikali za jamii hiyo tumia kiyeyushi kikavu kisichochangamana nayo, na umwombe mkemia apime uthabiti wa mchanganyiko katika muda wote utakaokuwa mezani.

Dozi ya juu kwa kemikali inayoyeyuka na isiyoua bakteria ni miligramu 5 kwa sahani, au mikrolita 5 ikiwa ni kimiminika. Ikiwa inaua bakteria, dozi ya juu ni ile inayoanza kuonyesha mauaji. Ikiwa haiyeyuki, ni ile inayoanza kuacha mashapo, mradi mashapo hayo yasizuie kuhesabu. Ili kuyajua haya, fanya jaribio dogo la awali kwa TA100, pamoja na S9 na bila S9.

Katika jaribio kamili tumia dozi tano au zaidi, kila moja ikiwa takriban theluthi ya iliyotangulia: mikrogramu 5000, 1600, 500, 160 na 50. Ukiwa na mchanganyiko wa miligramu 50 kwa mililita, mililita 0.1 yake ndiyo dozi ya juu. Piga hesabu ya vifaa mapema: aina tano za bakteria, hali mbili za S9, dozi tano pamoja na kiyeyushi kitupu na linganishi chanya (kemikali inayojulikana kubadilisha jeni), kila kimoja kwa sahani tatu, ni sahani 210, yaani zaidi ya lita 5 za agari ya chini. Kemikali yenyewe itakayotumika ni takriban miligramu 220, lakini omba gramu 2 au zaidi, maana kuna jaribio la awali, marudio, vipimo vya uthabiti na akiba ya kuhifadhi.

Linganishi chanya bila S9 huwa sodiamu azaidi kwa TA1535 na TA100, 2-nitrofluorini kwa TA98, 9-aminoakridini kwa TA1537, na mitomisini C kwa TA102.

Siku ya kumimina

Otesha bakteria kwenye mchuzi wa virutubishi usiku kucha, nyuzi 37, wakitikiswa taratibu, hadi wafikie takriban bilioni moja kwa mililita. Wakipitiliza saa nyingi, wengi watakuwa wamekufa ingawa mchuzi bado utaonekana mzito, hivyo usitegemee ukungu wa mchuzi pekee. Thibitisha kwa kuhesabu walio hai.

Andika namba za siri kwenye sahani zote kabla ya kuwasha chochote. Weka mirija ya agari laini, mililita 2 kila mmoja, yenye histidini na biotini milimola 0.05 kwa lita, katika maji ya nyuzi 45. Joto hili halina nafasi ya kuchezewa: likizidi sana bakteria huungua, likipungua agari huganda ndani ya mrija na kumwagika ikiwa na mabonge. Kisha tia mililita 0.1 ya mchanganyiko wa kemikali, mililita 0.1 ya bakteria, na mililita 0.5 ya mchanganyiko wa S9, au ya bafa tupu pale S9 isipohitajika. Changanya kwa sekunde chache, mimina juu ya sahani, iinamishe huku ukiizungusha ili agari ienee, na uilaze mahali palipo sawa kabisa. Shughulika na mrija mmoja baada ya mwingine, kwani mrija uliosubiri wenzake ndani ya maji moto umepata matibabu tofauti na wao. Ikishaganda, igeuze chini juu na uiweke katika inkubeta gizani kwa saa 48 hadi 72.

Njia ya pili, ambayo mimi huipendelea kwa jaribio la marudio, ni kuwaacha bakteria, kemikali na S9 pamoja kwa dakika 20 au zaidi katika nyuzi 30 hadi 37 kabla ya kuongeza agari. Baadhi ya kemikali, hasa zile za muda mfupi wa uhai, huonekana kwa njia hii tu. Gesi na vimiminika vinavyoruka upesi havifai kwa njia yoyote kati ya hizi mbili. Huhitaji sahani zilizo wazi ndani ya chombo kilichofungwa, kemikali ikiwa hewani. Rangi za jamii ya azo nazo zina utaratibu wake wa kupunguzwa kwanza, kwa flavini na S9 ya ini la hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya.

Kusoma sahani

Kabla ya kuhesabu koloni hata moja, itazame sahani chini ya darubini yenye ukuzaji mdogo. Katikati ya makoloni utaona utando mwembamba wa bakteria wale walioishiwa histidini, kama mvuke wa pumzi juu ya kioo. Utando huo ndio shahidi wako. Ukiwa sawa na wa sahani za kiyeyushi kitupu, bakteria walikuwa hai na hesabu yako ina maana. Ukiwa umekonda au umetoweka, kemikali iliwaua.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Bakteria wengi wakifa, wachache waliobaki hugawana histidini iliyokusudiwa kwa mamilioni, nao huweza kukua hadi wakawa vijikoloni vinavyoonekana kwa macho bila jeni yao kubadilika hata kidogo. Utaviona vimejaa sahani nzima, vidogo kama ncha ya sindano na vya ukubwa mmoja, na mashine ya kuhesabia itakuandikia 900 bila kusita. Ondoa kadhaa kwa kitanzi, uvichore juu ya agari isiyo na histidini kabisa. Visipoota, si makoloni ya kweli, na dozi hiyo iandikwe kuwa ya sumu. Mashapo nayo humetameta na kuhesabiwa na mashine, kwa hiyo sahani zenye mashapo zihesabiwe kwa mkono.

Kuamua

Kwanza hakikisha jaribio ni halali: viyeyushi vitupu viko ndani ya mipaka ya maabara yako, linganishi chanya zimepanda wazi, na angalau dozi tano zinasomeka. Jibu chanya ni ongezeko linalofuata dozi, au ongezeko linalojirudia katika dozi moja au zaidi, hata katika aina moja tu ya bakteria. Desturi ya maabara nyingi ni kudai mara mbili ya kiyeyushi kwa TA98, TA100 na TA102, na mara tatu kwa TA1535 na TA1537. Ni desturi inayosaidia, lakini si sheria: TA100 anayetoka 110 hadi 195 kwa mpando mzuri wa dozi nne, na kurudia hivyo katika jaribio la pili, ananitia wasiwasi zaidi kuliko TA1537 aliyeruka kutoka 5 hadi 16 katika dozi moja ya katikati.

Mpangilio wa majibu nao husema kitu. Epiklorohidrini, inayotumika kutengeneza resini za epoksi, huwapandisha TA1535 na TA100 bila S9, ambayo ndiyo sura unayoitarajia kwa kemikali inayoshika DNA moja kwa moja. Jibu chanya lililo wazi halilazimu kurudiwa. Lenye utata lirudiwe kwa kubadilisha masharti, ama nafasi kati ya dozi, ama kwenda kwenye njia ya kuwaacha pamoja kwanza. Jibu hasi ambalo halikurudiwa lazima lielezewe sababu yake.

Katika taarifa weka hesabu ya kila sahani, si wastani peke yake, pamoja na chanzo na fungu la S9, hali ya utando kwa kila dozi, na kumbukumbu za miaka iliyopita za maabara.

Taka zote zipite otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 121, isipokuwa mabaki ya kemikali. Sodiamu azaidi isimwagwe kamwe kwenye sinki: ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu kali, na ikikaa katika mabomba ya shaba au risasi hufanya chumvi zinazolipuka.

Baada ya bakteria

Sodiamu azaidi hiyohiyo, linganishi chanya ya kila siku, ilipopewa panya katika uchunguzi wa Programu ya Kitaifa ya Sumu ya Marekani haikuonyesha ushahidi wa kusababisha saratani. Benzini, kwa upande wake, haiwagusi bakteria hawa lakini huvunja kromosomu ndani ya uboho na ni kisababishi kinachojulikana cha saratani ya damu. Kwa hiyo jibu la Ames, liwe lipi, hufuatwa na kipimo cha seli za mamalia, na cha kawaida ni kile cha viini vidogo, Mwongozo Namba 487, ambamo vipande vya kromosomu vilivyoachwa nyuma wakati wa kugawanyika kwa seli huhesabiwa chini ya darubini. Ikiwa kimojawapo ni chanya, hatua inayofuata ni kwa mnyama aliye hai: viini vidogo katika uboho, Namba 474, au kipimo cha kometi, kinachoonyesha DNA iliyokatika, Namba 489. Kwa kemikali kama epiklorohidrini, inayoshika kitu cha kwanza inachokutana nacho, chagua kometi na uchukue seli za tumbo au za mapafu kulingana na njia ambayo wafanyakazi huipokea kemikali hiyo, kwa sababu uboho unaweza kubaki safi pale ambapo kemikali haikufika kabisa.